Milimita Nne

Kila saa mbili asubuhi nakifunua kipimamvua
nyuma ya kituo, hapa Hilf, kisiwani Masira.
Nachungulia: nzi mmoja, mchanga, chumvi.
Naandika sifuri.
Jana sifuri, juzi sifuri. Daftari limejaa mayai.

Mama hupiga simu toka Ruwi chai yangu haijapoa:
"Imenyesha?"
"Bado."

Yeye kazaliwa Wete. Mvua anazijua kwa majina
kama wengine wajuavyo ndugu wa baba:
masika yanayoozesha mikeka,
vuli yenye haraka zake,
mchoo usiolowesha kanga hadi ndani,
manyunyu, rasharasha,
na ile ya usiku, ya kuezua mapaa,
ambayo hakuitaja jina, kwa adabu.
Daftari langu lina safu moja.

Mwezi wa sita wenzetu Salala hupata ukungu wao,
milima ikavaa kijani, watu wakaenda kuitazama.
Sisi hupata upepo tu,
unaosukuma mbuzi na kung'oa vibao vya maduka.
Umande upo. Alfajiri unachuruzika vioo vya magari
ukiandika na kufuta.
Lakini umande hauhesabiwi.
Na mwaka wa tufani kipimo kilizama chenyewe;
niliandika: *Hakikusomeka.*

Basi, Jumanne hii.
Radi moja, kama mtu aliyekosea mlango.
Kisha dakika kumi.
Hilal bin Saif alizima gari katikati ya barabara,
akashuka, akasimama, kofia mkononi,
na nyuma yake hakuna aliyepiga honi.

Milimita nne. Nilisoma mara tatu.

Kanuni yasema: yakishapimwa, yamwagwe.
Haikusema wapi.
Nikayatia kwenye chupa ya Vimto,
nikavuka kwa feri hadi Shanna,
nikaendesha hadi usiku, chupa imefungwa mkanda
kiti cha mbele, kama mgonjwa.

Mama akaifungua. Akanusa.
"Haya hayajapita juu ya karafuu,"
akasema, kama anayemrudishia mchuuzi samaki.
Hata hivyo akatoka rosheni, ghorofa ya nne,
penye debe la mkilua uliogoma kuchanua miaka sita,
akamimina yote,
na tone la mdomo wa chupa akajipaka nyusi.

"Umeandika?"
"Nimeandika, mama. Hilf, nne."

"Andika na huku."