Unanisikia?

Neno la kwanza la mwanangu halikuwa mama.
Lilikuwa "unanisikia?"
Alilitamka jikoni kwa bibi yake, huko Zestaponi,
akimwambia kuku aliyeingia kutafuta makombo.
Kuku hakujibu. Tsotne akamsogelea,
akapaza sauti kama tunavyopaza sote:
Unanisikia? Unanisikia?

Mimi nilikuwa Bari, na nilikuwa pale pale mezani,
nimeegemezwa kwenye bakuli la sukari.
Nilicheka hadi machozi,
kisha yakabaki machozi peke yake.

Hiyo ndiyo salamu yake hadi leo.
Anamsalimu hivyo muuza mkate, mbwa wa jirani,
hata padri, siku ya ubatizo wa binamu yake.
Na kuaga je? Hapungi mkono.
Anaganda. Mdomo wazi, jicho moja nusu,
anakaa vivyo hivyo mpaka wageni waishe,
maana ndivyo mama yake anavyoaga
mtandao ukikatika.

Daktari wa kliniki alimpa mama yangu karatasi.
Mtoto wa umri huu asipewe skrini, alisema,
ubongo wake ni donge la unga lililokandwa juzi,
kila kidole huacha alama.
Mama akaikunja karatasi mara nne.
"Na aliyemzaa? Huyo naye ni skrini?"
Daktari akaanza kutafuta kalamu
iliyokuwa mkononi mwake.

Sitetei kila kitu.
Najua saa zile ninapomwosha Bi Addolorata miguu,
sungura wa manjano ndiye anayeshika zamu yangu.
Amemfundisha kuhesabu hadi kumi
kwa lugha ambayo nyumba nzima haiijui.
Amemfundisha pia kwamba kinachochosha
hufuatwa na kingine kabla hujapiga mwayo,
ndiyo sababu mvua ya kutwa inamliza:
anaikodolea dirishani, anangoja ibadilike.
Lakini zambarau aliijua kwa sungura,
si kwangu. Hilo nimelimeza.

Huku nako, kila saa mbili usiku,
mtangazaji wa habari anatutakia jioni njema,
na Bi Addolorata, miaka tisini na mmoja,
anaweka sawa kola ya gauni, anamjibu:
nawe pia, mwanangu, umekula?
Kwa hiyo mtoto simcheki.

Pasaka nilirudi.
Nikasimama mlangoni na mabegi, mzima mzima, nina miguu.
Tsotne aliitazama miguu hiyo muda mrefu.
Akarudi nyuma hatua, akaongeza hatua,
kama anayejaribu kunienesha mahali.
Kisha akatimka kuleta kishikwambi,
akabonyeza picha yangu:
alitaka kumwambia mama kuna mgeni.

Simu ikaita mfukoni mwangu.
Mama akaziba mdomo kwa aproni.
Ningesema "ni mimi", lakini ni nani kwake, huyo mimi?
Nikaingia chumba cha nyuma, nikapokea.
"Unanisikia?"
"Nakusikia, roho yangu."
"Kuna mtu," akaninong'oneza. "Ana viatu."

Nikafungua mlango.
Nikatembea na simu mbele ya uso, polepole,
ukumbi mzima, nikipita kabati la vyombo, nikipita jiko,
nikimwimbia jina lake
hadi akaisikia sauti yangu mara mbili:
moja kwenye kioo, ikichelewa kidogo,
moja hewani.

Akatazama chini. Akatazama juu.
Akanyoosha kidole, kile kile cha kubonyezea,
akanigusa pua
na kungoja kitu kifunguke.

Hakikufunguka kitu. Pua ilikuwa baridi, ina mafua ya safari.
Akaigusa tena.