Karatasi ya Maswali

Muuguzi Nebahat alitupa karatasi na kipande cha penseli:
andikeni chochote, daktari atajibu saa nane.
Nje, Malatya imeanika aprikoti juu ya mapaa,
mji mzima una rangi ya macho ya baba.

Kaka yangu Yakup aliandika la kwanza:
mzee hajaonja pombe tangu azaliwe,
kwa nini ini lake limekuwa gumu kama soli?
Jibu: kirusi. Homa ya ini, aina ya B.
Labda alizaliwa nacho, labda ni wembe wa kinyozi.
Kimekaa kimya miaka arobaini, mpangaji asiyelipa kodi,
na ini nalo halipigi kelele,
halina mshipa wa kulalamika.
Shangazi, aliyekuwa akinong'ona habari za chupa,
akainuka kwenda kutafuta chai.

Yakup alitaka kutoa lake. Likakutwa na mafuta.
Punguza kilo kumi na mbili, urudi.
Mzee hana miezi hiyo.
Ndugu wa pili, damu yake haikukubaliana.
Wakanitazama mimi, Hasibe,
binti asiyetajwa mezani mwaka wa sita huu
kwa sababu ya mume niliyejichagulia.

Siku ile alisimama mlangoni akatamka neno moja,
na neno lile lilinikata maini.
Sasa daktari ananichorea kwa wino wa buluu
mahali atakaponikata tena, upande wa kulia,
sehemu sita katika kumi.
Je, litaota? Litaota.
Wiki chache, karibu ukubwa ule ule,
ila si umbo lile;
kazi yake litaikumbuka, sura yake hapana.
Je, kuna mtoaji aliyewahi kufa?
Wapo. Wachache.
Hakutafuna maneno. Nikampenda kwa hilo.

Swali langu mimi sikuliandika.

Juzi, saa tisa usiku, baba alitia chumvi kwenye chai,
akajaribu kufunga vifungo vya shati kwenye shuka,
kisha akanigeukia, akaniita kipande cha ini lake,
ndivyo watu wa kwetu wamwitavyo mtoto,
akauliza kama nimekula,
kama kule shuleni bado kuna baridi.
Nikasema ipo, baba, baridi ipo.
Nikamshika mkono uliokuwa ukipapatika.
Asubuhi daktari akasema: msiyatie maanani.
Ini likishindwa kuchuja, sumu hupanda kichwani.
Si yeye yule. Ni sumu.

Sasa niambieni:
upole ule ndio sumu, na ukali ule ndio yeye?
Nikimpa ini zima, likamchuja damu,
atakumbuka mimi ni nani.
Atakumbuka mlango.
Nani hutoa nyama yake
ili akasirikiwe upya?

Nilitia sahihi.
Penye uhusiano na mgonjwa niliandika "mwana",
nikaikaza penseli mpaka ikatoboa.

Muda wa saa saba chini ya taa siukumbuki.
Nakumbuka kiu,
na Nebahat akinilowesha midomo kwa pamba.

Siku ya tisa walinisukuma kwa kiti hadi chumbani kwake.
Weupe wa macho yake ulikuwa umerudi.
Akanitazama kwa akili zake zote, na alijua,
niliona anavyojua, kama mtu anayepekua daftari la madeni
akafika ukurasa wake.
Yakup akajifanya anasoma kibandiko cha dawa kwa sauti:
asubuhi na jioni, maisha yote, usiruke siku.

Baba akakohoa, akajishika tumbo.
"Kovu lako," akasema, akiangalia ukuta, "linawasha?"
"Linawasha."
"Na langu."

Halafu akataka dirisha lifunguliwe.
Kwenye paa la jirani mwanamke alikuwa akigeuza aprikoti,
moja moja,
upande ambao haujaona jua.