Chungu Kimoja

Nimenunua mchicha kwa Bi Zamda, Ubungo,
alfajiri, ungali na umande wa bondeni.
Huku Mlimani, maabara, natoboa jani:
viduara vidogo kama vifungo vya shati.
Naviacha vielee gizani.

Sahani ya kwanza nimeitilia sitokinini.
Ya pili, asidi absisiki.
Ya tatu zote mbili,
nione nani atamsikiliza nani.

Moja hunong'ona: tulia, ungali kijana.
Nyingine: funga madirisha, maji yamekatika.
Jani halina mdomo.
Hujibu kwa putresini,
tone kwa tone, nami nahesabu.

Siku ya nne nikamweleza Bi Zamda:
putresini, jina lake limetokana na uvundo.
Waliikuta kwenye nyama iliyooza,
wakaibandika aibu hiyo.
Kumbe ndiyo hulishika jani mkono lisizeeke.

Akacheka, anayanyunyizia mafungu maji ya kopo.
"Basi imeonewa. Kama mwanangu Tabu.
Tangu nimzae hajanitia tabu."

Sikumwambia habari ya chungu:
kwamba spemidini, mlinzi wa kijani,
na ethilini, mleta manjano,
huchota chungu kimoja,
na anayewahi upawa
ndiye anayeamua rangi ya asubuhi.

Sahani ya tatu bado sijaielewa.
Si kijani, si manjano.
Nimeandika namba, nikaweka alama ya kuuliza,
nikarudi nyumbani.

Fungu nililolisahau dirishani
limeanza kupauka ukingoni.
Nikalikaanga na nyanya.