Bado Haijakauka

Kijana kaja Jumatatu, kaipakata begani
kofia ya mashine ya boti, bila ya mashine yenyewe.
"Fundi Mbarouk, nipigie nyeusi, iwe kama ya dukani.
Nembo ninazo," akanionyesha bahasha.
Akatoa elfu ishirini ya kutangulizia, noti mpya, hazina hata kunyanzi.
Sikuuliza. Mimi napaka rangi:
vitanda, milango, geti la madrasa, baiskeli ya mwalimu Khatib.
Mwenye kitu ndiye ajuaye kitu chake.

Hapa Limbani kazi yangu huanza kwa maji.
Chumvi itoke kwanza. Rangi juu ya chumvi ni suluhu juu ya deni:
hutulia siku tatu, kisha hutoa malengelenge.
Nikaiosha kwa sabuni ya unga, nikafuta mafuta ya ndani,
nikavua mpira wa ukingoni, nikautundika msumarini.
Ufa mmoja karibu na komeo. Kona moja imebonyea,
pale watu wapigapo ngumi mashine ikigoma kuwaka
(kila mashine Pemba ina pahali pake pa kupigwa).
Nikajaza puti, nikaiacha ishike.

Kisha msasa.
Namba themanini kwa kukwangua,
mia mbili na arobaini kwa kuuliza taratibu,
mia nne, wa maji, kwa kubembeleza.
Ikatoka buluu. Chini ya buluu, kijivu,
kijivu cha haraka, cha mtu aliyepaka usiku
kwa brashi ya kutani, nywele zake zimegandia humo.
Hapo ilinipasa nisimame, nikachaga rangi yangu, nikamaliza.
Mkono haukusimama.
Chini ya kijivu, nyeupe.
Na juu ya nyeupe, wekundu kidogo, kama ufizi:
mkia wa herufi.

Mkia ule naujua.
Marehemu fundi Haji Vuai alinichapa vidole kwa ajili yake:
"Hiyo Y inakwenda wapi? Irudishe!"
Sikuirudisha. Miaka thelathini Y zangu zinatembea,
zinapita chini ya neno zima, zinapinda mwishoni kama ndoana.
Nikaendelea kwa ncha ya kidole, karatasi imelowa,
povu la kijivu likinishuka hadi kiwikoni,
mpaka maneno yakakaa yote mawili:
YAKO HUYAONI.

Ni ya Shaame Ngwali wa Kojani.
Alinilipa nusu kwa pesa, nusu kwa pweza mkavu,
na bei ya herufi tuliipigania toka adhuhuri hadi alasiri.
Mfunguo Sita mashine yake ilifunguliwa usiku,
kwa spana, si kwa panga; mwizi anayejua kazi.
Mpaka leo anapiga kasia, na mabega yake si ya kupiga kasia.
Au alishaipata, akaiuza?
Watu huuza. Mtoto akilazwa, mashine ndiyo ya kwanza kutoka.
Na kijana huyu, labda na yeye kauziwa tu.
Noti zake nimezilaza chini ya kopo la tina. Sijazigusa.

Nikaipandisha kofia juu ya pipa, kando ya barabara,
maneno yakaelekea wapitao kwenda sokoni.

Jumatano kijana karudi.
"Tayari, fundi?"
"Bado haijakauka."
Akaiangalia. Haikuwa na hata tone la rangi mpya.
Herufi nyekundu zikamtazama, zikanitazama na mimi.
Jua limewaka, kuku wamejificha chini ya toroli.
"Mvua hizi," akasema.
"Mvua hizi," nikamjibu.

Alhamisi hakuonekana.
Leo Ijumaa, mpira wa ukingo bado u msumarini.
Nimekoroga nyeupe kidogo, na nyekundu kifuniko kimoja cha chupa,
isije ikaganda bure.
Mwenyewe akitokea, herufi nitamrudishia bila malipo,
ila ule mkia, safari hii,
nitauvuta mpaka upande wa pili.