Kifungu cha Kurudi

Baba alikuwa karani wa mizigo, Bandari ya Kusini,
enzi nchi tatu zilikula sahani moja
na risiti ya gunia la pamba ilipigwa muhuri mmoja,
Mwanza, Kisumu, Jinja.

Mama, Akeyo, alivuka kwenda kumuuguza dada yake.
Januari, sabini na saba. Aliaga wiki mbili.
Huko mezani, mbali na sisi, hesabu zikavunjika:
injini hii yangu, behewa lile lako,
na mpaka ukafungwa
kama duka linavyofungwa wateja wakiwa bado ndani.

Miaka sita. Kila kiangazi bibi Nyamizi aliuliza:
"Ng'ombe wa mahari wamerudishwa?"
"Hawajarudishwa."
"Basi ndoa haijafa. Imesinzia."

Alirudi kwa basi la Sirari, vumbi hadi kwenye kope.
Nilimwamkia shikamoo kama mke wa mwalimu mkuu.
Kwenye kiti chake alikuwa ameketi Kabula,
aliyeletwa kunipikia uji, akabaki.

Baba hakufoka. Afadhali angefoka.
Alivaa miwani, akasema kwa sauti ya ofisini:
"Sheria haina kifungu cha kurudi.
Ina kifungu cha kujiunga.
Aliyetoka, akitaka kuingia,
anapanga foleni na wasiowahi kuingia."

"Hata kama ndiye aliyeshona haya mapazia?"

Baba akayatazama mapazia.
Akayatazama tena.
"Hata kama."

Mama akapanga chumba Igogo, juu kwenye mawe,
akakaanga sato, akauza.
Kila Jumamosi alishuka na kubisha mlango wetu:
Hodi. Karibu. Maji ya kunywa kwenye kikombe cha wageni.
Hakulia, hakudai. Aliuliza tu bei ya mchele,
na kama paa bado linavuja pale juu ya kabati.
Linavuja.
Jumamosi moja Kabula alisogeza kiti chake dirishani,
bila neno, akaanza kuchambua mchicha.

Siku mama alipoacha kubisha siikumbuki.

Kisha mwaka wa tisini na tisa, Novemba,
baba, mstaafu sasa, anasoma gazeti kwa sauti:
wale watatu wametia saini upya.
"Sikia, mama Atieno. Mkataba mpya kabisa.
Si ule wa zamani. Nilikwambia."

Mama anageuza dagaa juani.
"Mbona wamekaa mji uleule?"

Kabula akacheka hadi akapaliwa.
Baba akakunja gazeti mara nne,
akatoka kwenda kutazama ziwa, au kujifanya.

Kitasa cha mlango tulibadilisha mwaka wa themanini.
Ufunguo wa kile cha kwanza
mama bado ameufunga kwenye pindo la kanga.
Haufungui chochote.
Akifua kanga huufungua, akauweka dirishani,
kanga ikikauka anaufunga tena.