Datum

Ndani ya sanduku la bati, chini ya khanga za misiba,
kadi ya kliniki iliyokunjwa mara nne.
Jina: Aikande Ulomi. Uzito: ratili saba.
Nesi Gunborg kaandika kwa wino wa buluu,
na labda kwa uchovu wa usiku ule
akaponyokwa na lugha ya kwao: *Datum*,
nukta mbili, kisha hakuna kitu.

Mjini Moshi, karani wa vitambulisho anataka tarehe.
“Tuweke Julai mosi, mama. Wengi tunawawekea hiyo.”
“Kumbe,” anasema mama, “nina mapacha wilaya nzima.”
Anaomba tuje kesho.

Usiku nampigia Ndeonasia, aliyesomea misitu Uswidi.
Ni tarehe tu, anasema. Ila hata wao wameliazima:
ni la Kilatini, na huko lilitoka kwenye kitenzi.
Kutoa. Kutolewa. Kilichotolewa.
Ndivyo barua zao zilivyotiwa muhuri wa maneno:
*imetolewa* siku fulani, mahali fulani.
Barua zikaoza, siku ikabaki na jina hilo.

“Na wingi wake?” Mwalimu wa sarufi hana likizo.
Haubadiliki, kama tarehe yetu: hii, hizi.
Lakini wakitaka kusema ile, ile tuijuayo,
wanaongeza kipande nyuma: *datumet*.
Sisi neno tunalitwisha kichwani,
wao wanalifunga mkiani, kama mbuzi wa mnadani.

Salio likakatika. Nikalala na ile -w-,
herufi moja, mlango wa uani
anamotokea mtoaji bila kuaga.
Kilichotolewa. Na nani?

Asubuhi mama anamwambia karani:
“Andika, buni ilikuwa imeanikwa.
Mama aliniacha kwenye gunia, akaenda kuigeuza,
na mvua ikaanza.”
Karani anageuza fomu atuoneshe:
visanduku ni vinane, vyote vya tarakimu.
“Haya. Nipe hiyo ya serikali.”

Kadi kaikunja tena, mara nne, na pengo lake.
Hatukufika hata kituoni. Kwenye duka la mikate
alinunua skonzi mbili, moja akanipa,
akasema kwa mdomo uliojaa:
“Leo nimezaliwa.”
Ilikuwa Februari, tarehe kumi na tisa.