Ukurasa Gani?

Ibra, mwezi wa sita. Nje lami inanuka,
ndani kiyoyozi kinakohoa kama mwenye pumu.
Leo, kwa mara ya kwanza katika chuo hiki cha wauguzi,
mtihani wa dawa ni wa vitabu wazi.
Nimeandika ubaoni kwa mkono wangu: Fungueni mtakacho.
Chaki ikakatika.

Mundhir kaingia akivuta begi la magurudumu
kama aendaye Salala kukimbia joto.
Vitabu sita, daftari nne,
vikaratasi vya rangi vimechomoza kila upande
kama ndimi za mbuzi.
Thuwaiba kaja na daftari moja
na tende tatu ndani ya tishu.

Mimi nilisomea Tabora kabla wazazi hawajarejea huku,
kitabu kimoja, watoto wanane,
aliyekaa pembeni akisoma maneno kichwa chini.
Tulikariri mito ya nchi tusizozijua.
Ninayo mpaka leo, mito kumi na minne,
na hakuna aliyewahi kuniuliza hata mmoja.
Niliwahi kuiandika pajani, juu ya goti, chini ya kaptula,
nikapata mia kwa mia, nikapigiwa makofi.
Hilo sijamwambia mtu.

Kikaoni, Bwana Ghassan alisema:
Ukimpa kitabu umempa gongo,
na mwenye gongo miguu husinyaa.
Nikatafuta jibu, sikuliona.
Lilinijia usiku, nikiosha kikombe.

Mama, mwaka wake wa mwisho, hospitali ya Nizwa.
Muuguzi binti wa Kerala, sindano mkononi,
akasimama. Akairudisha kwenye trei.
Akatoka, akafungua kitabu pale mezani kwao,
kidole kikashuka mstari kwa mstari.
Mama akaninong'oneza Kiswahili, binti asisikie:
Huyu hajui kazi, mwanangu. Anaangalizia.
Binti akarudi na dawa nusu ya ile.
Mama akaishi mpaka Ramadhani,
akaila futari yake, akalalamika chumvi.

Lakini pia yupo Zahran, mwanafunzi wangu wa zamani,
usiku wadi liliposhuka likaikata barabara,
umeme hakuna, mtandao hakuna,
mwanamke anajifungua na damu haikomi.
Kitabu kilikuwepo, alisema. Kabatini.
Nilikuwa na mikono miwili tu, mwalimu,
na yote ilikuwa na kazi.

Basi mimi nimsikilize nani?

Saa moja imepita. Kurasa zinapepea
kama chumba kimeingiwa na njiwa.
Swali la tano nililitunga kwa uzito wa mama:
Bibi, kilo arobaini na moja, figo zimechoka,
daktari kaandika dozi hii. Utafanya nini?
Bibi huyo hayumo katika kitabu chochote.
Thuwaiba kafungua daftari mara moja,
kahakikisha tarakimu, kalifunga, kala tende.
Mundhir anapekua kama mtu anayetafuta ufunguo wake
katika nyumba ya jirani.
Mwisho akanyoosha mkono:
Mwalimu, ukurasa gani?

Ukumbi ukacheka. Nami nusura.
Nikatikisa kichwa tu. Akaniangalia,
akaangalia dari, akafunga vitabu kimoja kimoja,
mnara ukaporomoka, kimoja kikalala miguuni pangu.
Nikainama kukiokota, nikauona mstari aliouandika,
mmoja tu, mwandiko wa haraka:
Sitampa. Nitampigia daktari simu, nimuulize tena.

Nikasimama na kitabu kile mkononi.
Ndilo jibu. Thuwaiba kaandika nusu ukurasa
kufika palepale.
Kwa nini paja likaniwasha, juu ya goti,
pale pale palipokuwa na mito?

Nikakirudisha mezani pake, kikiwa kimefungwa.
Ghassan alikuwa mlangoni, mikono nyuma, akisoma ubao.
Dakika ishirini, nikasema.
Mundhir akakifungua tena.